Ukakasi

Kiswahili kina majina matatu ya kinywaji hiki, na yote tumeyaazima. Mvinyo tuliachiwa na Wareno. Divai ni ya Wafaransa, na ni neno lililoingia kwenye Biblia, ndiyo maana mamangu akilisikia anafikiria arusi ya Kana na meza ya Bwana. Waini ni ya Waingereza, na ndiyo tunayosema huku Nairobi tukiwa tumesimama mbele ya dirisha lenye nondo, tukihesabu kichwani kama salio la M-Pesa litafika. Nitayatumia yote matatu humu, vile yatakavyonijia.

Lakini ladha hatukuazima. Hapo tunayo maneno yetu, na moja kati ya hayo ni zuri kuliko lolote nililowahi kulikuta kwenye lebo: ukakasi. Kama umewahi kutafuna ndizi mbichi, au zambarau ambayo haijaiva sawasawa, au kunywa chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye sufuria, unaujua. Ulimi unakauka na ufizi unakuwa kama umepakwa chaki. Wenye fani wanasema ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na pia kwenye mbao za pipa. Watu wengi hapa mtaani wakionja waini nyekundu isiyo na sukari mara ya kwanza husema "hii ni kali" ama "hii ni chungu", wanarudisha glasi, basi, wameachana nayo maisha. Si kali wala si chungu. Ina ukakasi, na ukakasi una dawa yake, nayo ni mafuta. Weka kipande cha mbuzi choma mdomoni, kile chenye mafuta pembeni, kisha rudia funda. Utadhani umebadilishiwa chupa.

Nilianza kuyatafuta maneno haya kwa sababu ya kazi. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu: wasifu wa kazi, maelezo ya viatu, makala za kampuni za bima ambazo hakuna anayezisoma. Mwaka juzi duka moja linalouza pombe mtandaoni likanipa kazi ya kuandika maelezo ya chupa 120, kila moja Sh200. Nilikuwa nimeonja labda sita kati ya hizo. Hakuna aliyeniuliza. Nilitumiwa karatasi za watengenezaji, nikaambiwa nizifupishe na kuzitia "ladha ya kwetu kidogo".

Karatasi zenyewe zilijaa matunda ya wenyewe. Blackcurrant, ambayo mimi naijua kutoka kwa chupa ya Fanta. Gooseberry, ambayo si ile nathi ya manjano inayouzwa sokoni ikiwa imefunikwa na ganda kama karatasi. Ile ni tunda jingine kabisa, wamegawana jina tu. Sanduku la sigara. Majani yaliyolowa msituni wakati wa vuli, na mimi nimezaliwa Mombasa, vuli kwangu ni mvua za Novemba. Nilikaa usiku na karatasi hizo nikijaribu kufikiria ladha kwa kutumia maneno ambayo hayakuwa na ladha yoyote kwangu.

Nilipomaliza, mwenye duka akanipigia simu. Mwezi umekuwa mgumu, akasema. Atanitumia Sh6,000 sasa hivi, na hizo elfu kumi na nane zilizobaki nichukue kwa chupa. "Si hata wewe utafurahi?" Jioni hiyo mtu wa boda akaniletea katoni yenye chupa nane, kila moja imehesabiwa kwa bei ya rejareja, yaani faida ya duka ikiwa ndani. Nilikuwa nalipwa mshahara wangu nikimpa mwajiri faida. Kodi ya nyumba ilikuwa siku nne mbele, na mwenye ploti yetu ni muumini wa Kiadventista. Haguswi na Merlot.

Nilipokuwa nikisoma juu ya chupa hizo ndipo nikakutana na neno dop. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ya Tumaini Jema ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, wakati wa Jan van Riebeeck, na mashamba yaliyofuata yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa ambavyo sasa ni Indonesia. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, wafanyakazi walibaki mashambani, na sehemu ya ujira wao ikawa mvinyo, tena ule duni, wakimiminiwa mara kadhaa kwa siku katikati ya kazi. Huo ndio mfumo wa dop. Ulipigwa marufuku kisheria katika karne ya 20, lakini mashamba mengine yaliendelea nao hadi miaka ya 1990. Jimbo la Western Cape bado ni kati ya sehemu zenye viwango vya juu zaidi duniani vya watoto waliozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe ya mama zao tumboni.

Hali yangu si kama yao. Mimi ningeweza kupiga picha ya chupa na kuiweka WhatsApp, na ndivyo nilivyofanya. Lakini tangu nilipolijua neno hilo, kila nikishika chupa ya Afrika Kusini naitafuta shingoni ama nyuma ile alama ya WIETA, shirika lililoanzishwa mwaka 2002 kukagua jinsi mashamba yanavyowatendea watu wake. Si alama ya uchawi. Ila chupa mbili zikiwa na bei moja, na moja inayo, sioni kwa nini nichukue nyingine.

Sasa, kilichokuwa kwenye katoni. Chupa ghali zaidi ilikuwa Kanonkop Pinotage kutoka Stellenbosch, Sh6,500. Pinotage ni zabibu iliyozaliwa hukohuko Afrika Kusini, mwaka 1925, wakati profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Niliiuza siku ya pili kwa Sh6,000 kwa bwana mmoja wa Kileleshwa aliyekuwa na sherehe, nikampelekea mwenyewe, na yeye kwa ustaarabu akanimiminia kidogo, kama vidole viwili. Zambarau iliyoiva mpaka imeanguka yenyewe, na moshi, moshi wa kuni zilizokwisha kuzimwa. Nilirudi kwa matatu na ladha hiyo mdomoni hadi Roysambu. Kwa hiyo ndiyo, ya bei ghali inaweza kuwa nzuri sana. Lakini ukitaka kuijua Pinotage bila kuuza kitanda, tafuta Beyerskloof, kwa kama Sh2,000. Moshi upo, zambarau ipo, na wakati mwingine kuna harufu ya ndizi mbivu inayopita haraka. Ikiwa siku ya malipo imekuwa nzuri, Kanonkop wenyewe wana mvinyo mdogo wao unaoitwa Kadette, unaogharimu sehemu tu ya bei ya kakake.

Saba zilizobaki niliamua kuzinywa nikiwa na akili. Niliwaita majirani wa ghorofa yetu: muuguzi tunayemwita Sista, kijana wa boda aliyeileta ile katoni (tulikuwa tumeshakuwa marafiki), na wanafunzi wawili wa chuo wa chumba cha mwisho. Nilivisha kila chupa soksi. Ndiyo, soksi, zilizofuliwa. Masharti yalikuwa mawili: hakuna kutaja bei, na hakuna kusema "tamu" au "kali". Lazima useme inafanana na nini ulichowahi kukila, kukinusa au kukishika.

Hapo ndipo kazi yangu ya maelezo 120 ilipoaibika. Sista alinusa ya kwanza akasema, "Hii ni dawa ya kikohozi, lakini ya watoto." Ilikuwa Four Cousins nyekundu, na sijui namna bora ya kuieleza. Kijana wa boda aliishika nyingine puani muda mrefu. "Madam, hii inanukia mkokoteni wa mtu wa mananasi. Mwenyewe yuko mbali kidogo, lakini upepo unakuja." Chenin Blanc. Mwanafunzi mmoja akaipata ndani ya Pinotage harufu ya chumba cha shosho yake, mahali palipokaushiwa nyama juu ya moto. Hakuna aliyetaja tunda lolote kutoka zile karatasi.

Na nani alishinda? Ilitegemea sahani. Tukila bhajia na pilipili ya ukwaju, Four Cousins, ya bei ya chini kuliko zote, iliwapiga wengine wote, kwa sababu sukari inatuliza pilipili ilhali kileo na ukakasi vinaichochea. Choma ilipofika, hakuna aliyeitaka tena. Kila mtu alikuwa akigombania chupa moja ya Chile ambayo nitaifikia.

Nilidhani ni ushamba wetu, hadi niliposoma kwamba mwaka 2008 Robin Goldstein na wenzake walichapisha matokeo ya maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanywa bila watu kuona bei, na kwa jumla wanywaji wa kawaida walipendezwa na mvinyo ghali kidogo kasoro kuliko wa bei nafuu. Kuna jingine lililonichekesha zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalikuwa yameshachagua msamiati kabla pua haijafika. Hao walikuwa wanalipa karo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema huko Kaloleni, na naona yeye angewapita. Mnazi unaoteremshwa asubuhi ni mtamu, karibu kama juisi. Ukiachwa mpaka jioni, hamira iliyo hewani na kwenye kibuyu imeshakula sukari na kuigeuza kileo, na hapo ni mkali, una uchachu unaokukunja shavu. Watu wa kwetu wanajua saa ya mnazi kwa kuuonja tu. Waini ni hesabu hiyohiyo. Hamira ikila sukari yote ya zabibu, unapata ile wanayoiita kavu, neno baya, kwa sababu hakuna kinywaji kikavu. Ikisimamishwa kabla haijamaliza, ama ikiongezwa utamu baadaye, unapata ile tamu. Kwa hiyo ukiulizwa pale dirishani, "Tamu ama kavu, siste?", unaulizwa tu unataka mnazi wa saa ngapi. Hakuna ya wanawake wala ya wanaume, na hakuna ya washamba. Msichana wa dukani kwetu bado huninyooshea ile tamu kabla sijafungua mdomo, na mteja mwanamume akiiomba hiyohiyo humwuliza kama anamnunulia mtu.

Ile chupa ya Chile. Inaitwa Casillero del Diablo, inatengenezwa na Concha y Toro, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1883, na zipo za aina nyingi kwenye supermaketi zetu, kati ya Sh1,800 na Sh2,200. Usichukue yoyote. Chukua Carmenere. Nimepita nayo njia ndefu, na mamangu yumo.

Alikuja kutoka Mombasa kwa ajili ya kliniki, akalala kwangu siku tatu. Mamangu ni mtu wa kanisa. Hajaweka pombe mdomoni tangu aolewe. Nilikuwa nimeficha chupa zote isipokuwa hiyo, iliyobaki nyuma ya jiko ikiwa na robo.

"Huyu aliyechorwa hapa ni nani?"

"Ni nembo tu, Mama."

"Nembo ya nani?"

Jina lenyewe linamtaja shetani, hapakuwa na njia ya kuzunguka. Nikamweleza: mwenye shamba, Don Melchor, aliona wafanyakazi wanamwibia mvinyo wake bora kutoka ghala la chini, basi akaeneza uvumi kwamba humo ndani anaishi shetani. Wizi ukakoma. Mamangu akafikiri.

"Yaani alikuwa anaogopwa shetani kuliko Mungu. Na hao walioiba, alikuwa anawalipa?"

Sikuwa na jibu. Akaifungua chupa, nikadhani anaenda kuimwaga. Akainusa. Ananusa kama watu wa kwetu wanavyonusa, pumzi fupi tatu, akiwa amefunga macho.

"Hii imelala kwenye mbao," akasema. Akanusa tena. "Na kuna hoho. Mmetia hoho ndani ya hii kitu?"

Nilienda kwenye simu nikaitafuta ile karatasi ya mtengenezaji niliyokuwa nimeifupisha miezi kadhaa nyuma. Pipa la mwaloni. Pilipili hoho ya kijani. Carmenere ndiyo inayojulikana kwa harufu hiyo kati ya watu waliosomea, na mamangu, ambaye aliishia darasa la saba, aliipata akiwa amesimama kando ya jiko la gesi akiwa na leso kiunoni. Nilipomwambia amepatia, alinitazama kama mtu aliyesifiwa kwa kujua jina lake. "Mimi nimekuwa nikibeba vibuyu vya babu yako tangu nikiwa na miaka sita. Yaliyoharibika nilikuwa nayajua kabla hajashuka mtini." Akarudisha kifuniko na kuniuliza kama ndiyo inayonifanya nisimalize chuo. Nikamwambia hapana, Mama, ilikuwa karo. Tukanyamaza. Yeye anajua kuliko mimi karo hiyo ilienda wapi. Ni mwaka ule kakangu alipolazwa.

Carmenere yenyewe ina hadithi. Karne ya 19 mdudu anayekula mizizi aliharibu mashamba ya mizabibu ya Ulaya, na zabibu hiyo, iliyokuwa ya Bordeaux, ikadhaniwa imekwisha. Kumbe ilikuwa imeshavuka bahari na kwenda Chile, ikipandwa kwenye shamba moja na Merlot na kuuzwa kama Merlot, hadi mwaka 1994 ambapo mtaalamu Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, aliitazama vizuri akasema huyu si Merlot. Zaidi ya miaka mia moja ikiishi kwa jina la mwenzake. Inywe na matumbo, ama nyama ya kukaanga yenye hoho na dania nyingi.

Upande wa nyeupe nina mapendekezo mawili ambayo nitayatetea mbele ya yeyote. La kwanza ni Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Kule Cape waliiita Steen kwa vizazi, na leo wanayo nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, hata Ufaransa ilikotoka. Kwa hiyo utaipata kwa bei nafuu na bado ikawa safi. Ile ya kwenye katoni yangu ilikuwa Ken Forrester Petit, karibu Sh2,100: mananasi ya mkokoteni ule, na uchachu wa mabungo nyuma. Kama una samaki wa kupaka, na nazi ile imekolea ukwaju, usitafute kitu kingine. Uchachu unakata nazi kama ndimu, lakini polepole.

La pili ni la nyumbani. Leleshwa Sauvignon Blanc, ya Naivasha, kama Sh1,300. Nimesikia watu wakiibeza bila kuionja, kwa kuwa tu ni ya Kenya, na haohao wanaleta mezani maboksi ya nje yenye sukari tupu. Jina ni la kile kichaka cha Bonde la Ufa chenye majani ya fedha, ambacho Wamaasai huweka makwapani kwa sababu ya harufu yake nzuri. Waini yenyewe ni nyepesi, inanukia majani yaliyokatwa sasa hivi na ngozi ya pera ambalo bado ni gumu. Si ya kutafakari. Ni ya Jumamosi saa tisa, jua likiwa kali, na tilapia wa kukaanga mzima. Na kama una mtu anayekuja kutoka Tanzania, mwagize ya Dodoma. Kule hakuna baridi ya kuilaza mizabibu, mkulima ndiye anayeilaza kwa kuipogoa, na hivyo wanavuna mara mbili kwa mwaka. Niliyoletewa ilikuwa nyekundu ya zabibu inayoitwa Makutupora, yenye ukakasi wa waziwazi, kama mtu anayesema ukweli haraka mno. Niliipenda zaidi siku ya pili.

Kuhusu bei, jambo moja ambalo halisemwi dukani. Chupa, kifuniko, meli, lori kutoka Mombasa, vyote vinagharimu karibu sawa iwe ndani kuna kitu kizuri au kibaya, na ushuru wa bidhaa hapa kwetu hauhesabiwi kwa bei ya chupa. Maana yake ni kwamba kwenye chupa ya elfu moja, pesa iliyobaki kununua zabibu ni kidogo sana. Ukiongeza mia tano au mia sita juu yake, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inaenda kwenye mvinyo wenyewe. Ndiyo maana kati ya Sh1,500 na Sh2,200 ndipo ninapokaa. Ukipita elfu tano unaanza kulipia jina, umri, na uchache, na hiyo ni sawa kama ni pesa yako na kodi imelipwa. Zile za chini ya elfu moja nachukua tamu na ninaiweka baridi sana, kwa sababu baridi inaficha mengi. Huna friji? Ndoo, maji, barafu ya mia na konzi ya chumvi. Dakika ishirini tu. Nyekundu pia iingize humo dakika kumi. "Joto la chumba" lilisemwa na watu wenye vyumba vya mawe huko Ulaya, hawakuwa na mabati ya Roysambu saa nane mchana.

Chupa ninayoiwekea akiba sasa haiko kwenye rafu za mtaani kwetu. Ni Aslina, ya Ntsiki Biyela, aliyekulia kijijini KwaZulu-Natal na kufika Stellenbosch mwaka 1999 kwa ufadhili wa kusomea kutengeneza mvinyo, ilhali hakuwa amewahi kuuonja, na masomo yalikuwa kwa Kiafrikana ambacho hakukijua. Alipouonja mara ya kwanza hakuupenda hata kidogo. Sasa ana mvinyo wake, na ameupa jina la bibi yake.

Mwezi uliopita lile duka la mtandaoni lilinitafuta tena. Wana chupa mpya 40. Nikawaambia Sh350 kila moja, nusu kabla sijaanza, kwa M-Pesa, na chupa moja ya kuonja kwa kila kumi, isiyokatwa kwenye malipo. Walichukua siku tatu kujibu, wakakubali. Ya Carmenere niliandika kwamba inanukia mbao na hoho iliyopitishwa kwenye moto, kama mamangu alivyosema, na wameiweka kwenye tovuti yao bila kugusa neno. Ya Chenin wameirudisha. Wanasema niondoe mabungo, kwa sababu wateja wa Nairobi hawayajui, na niweke gooseberry.

Nimewajibu kwamba mabungo yako Kongowea, debe kwa debe, na basi la usiku linaondoka saa tatu.